Nani Atamuosha Mama

Makina, Kibera
Jumatatu, 10 Februari 2025

Musau,

Umeniblock. Kwa simu umeniblock, WhatsApp umeniblock, hata kwa grupu ya familia umenitoa kama mawe kwa mchele. Sawa. Karatasi huwezi kuiblock. Nimempa jirani yako Maggie akuletee, kwa sababu yeye ndiye mdomo wenu wa kuleta na kupeleka. Nimeifunga na selotepu mara tatu ili asijisomee njiani kutoka soko la Toi mpaka Kawangware.

Sasa nisikilize. Jana ulitoka kanisani na suti yako, ukasimama kwa mlango wa mume wangu, ukapiga kelele mpaka ploti nzima ikatoka nje. "Mmemsilimisha mama yangu!" Sebit akakukaribisha chai, ukamwambia chai ya nyumba hii haipiti kooni mwako. Haki Musau, huna haya? Huyo mwanaume ndiye alimbeba mama mgongoni mpaka hospitali siku ile alipopooza, wewe simu yako ikiwa imezimwa kwa sababu mlikuwa kwa mkutano wa injili.

Na ushahidi wako ni nini? Ati Maggie alikuwa anarudi sokoni na mitumba yake, akamuona mama kwa mfereji wa msikiti akiosha miguu, halafu mama akaingia akakaa na akina mama wa hapo. Kwa hivyo sasa ni Mwislamu? Mbuzi akilala kwa zizi la ng'ombe, asubuhi anakamuliwa maziwa ya ng'ombe?

Wallahi sijamsilimisha mama. Sijamwambia hata neno moja. Mama anakaa kwangu kwa sababu mkono wake wa kulia umekufa na mguu unaburuta, na wewe unaishi orofa ya tatu na ngazi za chuma. Hiyo ndiyo sababu, hakuna ingine. Kwa hivyo hiyo maneno yako ya kuja Jumamosi na wazee wa kanisa kumchukua, imeze.

Wanza
(bado ni jina langu, hata kama unaniita Bi Salma kwa kunidharau)


Kawangware
Jumatano, 12 Februari 2025

Wanza,

Nilitaka kuanza na "Bwana asifiwe" nikakumbuka sijui siku hizi unaitikia nini. Kwa hivyo naanza bila salamu.

Unauliza kama nina haya. Haya ninayo, na ni yako. Uliondoka nyumbani Mkamba, ukaolewa Makina. Juzi kwa harusi ya shemeji yako nasikia ulisimama na wale akina mama, umevaa gurbaba, zile shuka zao, ukaambia wageni "sisi Wanubi." Sisi nani? Kabila ni sweta, jua likitoka unavua? Mimi nilinyamaza. Nilisema wacha, ameamua, ni mtu mzima. Lakini mama hukupewa uende naye.

Wewe unajua kule Ikutha baba amelala upande mmoja, na upande wa pili tumeuacha wazi. Mimi mwenyewe nilichomelea ile uzio, nikapima ya watu wawili. Mama akifa Mwislamu, ile nafasi inabaki tupu milele. Hata kesho yake haitafika. Siku hiyo hiyo mtakuwa mmeshamzika hapo kwenu, kabla mjomba hajapata gari ya kutoka Ikutha. Na mimi nitaambiwa nisimame nyuma. Nimeongoza kwaya tangu nikiwa kijana, nimeimbia wafu wa watu mpaka wale sikuwajua majina, halafu kwa kaburi la mama yangu nitasimama nimefunga mdomo kama mwizi ameshikwa. Umewahi kufikiria hiyo? Au huko Makina hamfikirii?

Maggie hasemi uongo. Alimuona mama amejifunika kichwa mpaka kwa nyusi. Wewe unaapa wallahi, na mimi nikisoma wallahi yako nasikia tu mtu anaficha kitu.

Jumamosi nakuja. Waambie watu wako wasinizuie.

Musau Mutinda


Makina
Ijumaa, 14 Februari 2025

Musau,

Kabila ni sweta? Kaa chini nikuambie. Nyanya mzaa baba wa Sebit alikuwa Mkamba kutoka Machakos. Mwingine alikuwa Mkikuyu wa Kiambu. Waliingia Makina wakafunga gurbaba, wakapika mikate ya kisra, wakazaa Wanubi. Nami niliposema "sisi Wanubi" nilikuwa na watoto watatu Wanubi wameshika nguo yangu. Ulitaka niseme "nyinyi"?

Na baba yetu, unayemtaja kama mtu alizaliwa na Biblia kwapani? Alizaliwa Mutinda. Akataka shule, wakamwambia bila kubatizwa hakuna kiti. Akatoka huko Geoffrey. Na babake alikuwa bado anapeleka pombe na mbuzi kwa mti wa matambiko, na alikufa akisema mtoto wake amepotea. Kwa hivyo usinifundishe kupotea, Musau. Hiyo ni kazi ya familia.

Ulivyopiga kelele Jumapili umemharibu mama. Anakula vijiko viwili anaachia hapo. Nikimuuliza, "Mama, wewe uko upande gani? Tuambie tu tunyamaze," anageukia ukuta.

Ukija kesho, njoo kama mtoto anakuja kuona mamake. Ukileta vijana wa kanisa, na hapa pia kuna vijana. Sebit ana ndugu, na hawaogopi suti.

Wanza


Makina
21 Februari 2025

Wanangu wawili,

Naandika na mkono wa kushoto, kwa hivyo msitafute urembo. Ngumbaru, ile shule ya watu wazima, hawakutufundisha mkono huu. Barua ni moja. Wanza asome, halafu Maggie apeleke kwa Musau. Maggie naye asome. Akitaka aisome kwa kipaza sauti pale sokoni, mimi nimechoka na mambo ya kufichwa.

Jumamosi mlinivuta. Musau alishika mkono mzima, Wanza akashika ule uliokufa. Wazee wa kanisa wanasema "Yesu, Yesu," ndugu za Sebit wanasema "muachie, muachie," mpaka nikaanguka kutoka kwa kiti mbele ya wanaume wageni, nguo juu. Mimi, ambaye hata wakwe zangu hawajawahi kuona magoti yangu. Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mimi si nyasi. Mimi ndiye niliwazaa hao fahali, na nimewaonea aibu.

Wanza, unafikiri huwa nimelala. Ukimaliza sala ya alfajiri unakuja sikioni mwangu na maneno yako, "sema mama, sema pole pole." Na ile chupa ya maji ya Zamzam unatia kwa chai yangu nimeiona. Halafu nakusikia ukimsomea Sebit barua, ati wallahi hujaniambia neno. Musau, na wewe yale mafuta ya kujipaka uliyomtuma Maggie aniletee, umechanganya na mafuta ya upako ya pasta wako. Nimetoka vipele mgongo wote. Mmenifanya sufuria, huyu akigeuka yule anatia chumvi yake.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hakuna mtu amewahi kuniuliza.

Mlijua mimi ni wa Machakos, mkaishia hapo. Nilizaliwa Majengo ya Machakos. Babu yangu alikuwa Mkamba wa Kilungu aliyewapikia askari wa Mzungu, akarudi na kofia na kanzu, na kijiji kikamwita Mswahili mpaka akahama. Mama yangu alikuwa Mwislamu. Mimi niliitwa Rukia kwa baba na Kavindu kwa nyanya, na nilisoma chuo cha Kurani mpaka juzuu ya kwanza nikaimaliza. Halafu Mutinda akaja kunitaka, na watu wa kanisa lake wakasema Mswahili haingii hapa. Nikapelekwa mtoni Jumapili moja. Niliingia maji Rukia nikatoka Agnes, na baridi. Hakuna aliyeniuliza. Baba yenu nilimpenda, sijuti, na kanisa lake nililitumikia, mnajua.

Kisha mama yangu akafa. Nikapanda basi kutoka Ikutha na Musau mgongoni. Nikafika, amelazwa ndani. Nikamuweka mtoto chini, nikavua viatu, nikashika ndoo. Mwanamke mmoja, tuliyecheza naye mchezo wa kati utotoni, akaniambia, "Agnes, wewe ngoja nje." Akaniita Agnes. Nikasimama nje, nikasikia maji yanamwagwa juu ya mama yangu na mikono ya watu wengine. Sikuwahi kukasirika tena hivyo mpaka hiyo Jumamosi yenu.

Siku Maggie aliniona, nilikuwa nimekwenda kuwauliza wale akina mama wanaoosha maiti: nikifa Mkristo, Wanza wangu ataniosha? Miguu niliosha kwa sababu ilikuwa na matope. Kichwa nilifunika kwa sababu naingia kwa watu. Hawakunijibu sawasawa. Nikampigia pasta wa Musau: nikifa Mwislamu, Musau ataniimbia? Akasema, "Mama, wacha tukuombee." Sikutaka kuombewa. Nilitaka kujibiwa.

Nikisema mimi ni huyu, Musau anasimama nje. Nikisema mimi ni yule, Wanza anasimama nje. Kwa hivyo sisemi. Nendeni nyinyi mkaulize hao wakubwa zenu, mniletee jibu ambalo halitamwacha mtoto wangu nje akinisikia kwa ukuta. Mpaka mlete sifi, na msinisumbue.

Kavindu, mama yenu


Kawangware
2 Machi 2025

Wanza,

Barua ya mama niliisomea karakanani. Vijana wakaniuliza macho yana nini, nikawaambia ni moshi wa kuchomelea.

Nimeenda kwa pasta. Nimemuuliza wazi: mama yetu akifa mikononi mwa kanisa, dada yangu atamuosha? Akasema maiti huoshwa mochari. Nikamwambia hapana, nauliza dada yangu. Akasema ni heri huyo dada akae na wageni. Wageni! Mtu tumetoka tumbo moja, tumekula sahani moja, akae na wageni! Nikamwambia anionyeshe kwa Biblia mahali imeandikwa hivyo. Akasema nina roho ya ubishi, nifunge na kuomba initoke. Nikatoka nikiwa nimeacha hata kofia.

Usifikiri yako imeisha. Uliniapia uongo na jina la huyo Mungu unayesema ndiye wa kweli, na sijakusamehe. Lakini wiki hii kuna mtu ananikasirisha kuliko wewe. Nimekufungulia kwa simu. Usinipigie kwanza, mdomo wangu bado una moto. Andika. Umeuliza huko kwenu?

Musau


Makina
6 Machi 2025

Musau,

Nimeuliza. Imamu alinikaribisha vizuri, hakunivunjia heshima, na ndiyo maana nimekasirika zaidi, kwa sababu sikupata hata mahali pa kumtukania. Akasema kama alitamka shahada, Waislamu watamuosha, watamswalia, watamzika haraka, na ndugu yako atasimama pembeni na kuimba hakuna. Kama hakutamka, wao hawamswalii, ni wa kanisa. "Na katikati?" nikamuuliza. Akasema katikati hakuna.

Nilimpelekea mama hilo jibu. Akasema "basi," akauliza kama uji umebaki.

Na sikufichi tena. Ni kweli nilikuwa namnong'onezea, na bado nikiinua mikono hiyo ndiyo dua yangu ya kwanza, atamke. Naamini asipotamka nitamkosa huko mbele, milele. Wewe unaamini hivyo hivyo juu yangu, sema kama nadanganya. Kwa hivyo usinione mbaya peke yangu. Tunapigania kitu kimoja, na hakigawanyiki kama mkate.

Kuja umuone. Sebit anasema chai bado iko.

Wanza


Kawangware
7 Aprili 2025

Wanza,

Nimerudi jana kutoka Ikutha, udongo umeanza kukaa. Simu iko wazi lakini haya siwezi kukuambia kwa mdomo, nitapiga kelele na mke wangu Kalekye amenikataza.

Asubuhi ile ya Ijumaa ulipotupigia kwamba mama ameenda, tulikuja mimi na Kalekye mbio. Tukakuta wale akina mama wa msikiti washafika na sanda na ubani. Yule mkubwa wao akakuuliza mbele yetu sote, "Alitamka?" Ukaniangalia. Ukasema, "Sijui." Wakangoja. Ukasema tena, "Sijui, siwezi kumsemea." Wakakunja sanda yao wakaenda, na mmoja alikuwa analia. Mimi nikasema moyoni, asante Yesu, mama ni wetu. Nikasema pia, huyu dada yangu leo hatasimama nje, na gari ya mochari nikaisimamisha barabarani mpaka wewe na mke wangu mkamaliza kumuosha. Pasta akasikia ni nani amemuosha, akakataa kuja Ikutha. Wacha akatae. Nilizika mama yangu na kuimba mwenyewe, na wewe karibu yangu na ushungi wako, shangazi zetu wakikutolea macho. Nilisimama pale nikiwa na kiburi, nikafikiri nimekutendea wema.

Sasa Kalekye ananiambia. Muda huu wote amekaa nayo. Anasema mlipokuwa mnammwagia maji ulikuwa ukisema, "Nisamehe mama, nisamehe, ulitamka na nimekuficha."

Ni kweli? Ulijua? Ulisimama pale mbele ya watu wa dini yako ukawadanganya, kwa jambo kama hilo, na wewe mwenyewe uliniandikia unaamini nini? Nani alikutuma? Nilikuomba? Mimi nimesimama Ikutha namuimbia mama kama mtu ameshinda, kumbe nimepewa ushindi kama mtoto anaachiwa kushinda mchezo wa bano! Umenifanya mjinga juu ya kaburi la mama yangu. Nijibu, na usiape.

Musau


Makina
9 Aprili 2025

Musau,

Ndiyo. Alitamka.

Nilikuwa nakoroga uji wa daku. Sikuwa nimemwambia aseme, nilikuwa nimeacha tangu ile barua yake. Akayasema tu, amelala, macho kwa mabati. Hakuyasema vile nilikuwa namfundisha, neno, pumzika, neno. Aliyasema haraka haraka, kama mtoto wa chuo anataka kumaliza atoke akacheze. Mwiko ulinianguka. Halafu akaniambia, "Na Musau asikose kuimba." Basi. Akalala, na hakuamka.

Kwa hivyo unaniuliza nani alinituma. Yeye! Aliniwekea yote mawili mikononi akaenda zake, kama mtu anakuachia watoto anasema narudi sasa hivi. Nimemkasirikia mama kuliko nilivyowahi kukukasirikia wewe, na wewe unajua nimekukasirikia vipi.

Unafikiri nilikuachia ushinde? Pale mlangoni neno lilikuwa hapa kwa ulimi. Ningelisema, angeoshwa na watu wangu, angeswaliwa Ijumaa baada ya sala, mwezi wa Ramadhani, safu kwa safu mpaka barabarani. Kuna Mwislamu hatamani hiyo? Halafu nikakuangalia. Ulikuwa umevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Hukuwa unajua. Nikasema sijui.

Sasa kila sala namwambia Mungu hilo kosa aniandikie mimi, mama asiguswe, yeye alisema lake wazi na mimi ndiye nilisikia. Sijui kama husikiliza maombi kama hayo. Hiyo ni kati yangu na Yeye, na wewe toa mdomo wako hapo. Usiniite mwongo. Na usithubutu kunishukuru, nitakuja Kawangware nikuchape mbele ya hao vijana wako wa karakana.

Na nikuambie, kuimba uliimba vibaya. Ulianza juu sana, sauti ikakukatikia, ukaruka ubeti wa pili mzima, mjomba akabaki peke yake huko nyuma kama mtu ameachwa na gari. Mama aliomba kitu kimoja kwako na ukakifanya hivyo.

Arobaini yake nitaipikia hapa Makina. Sebit amekubali, na majirani wakitaka kuongea waongee. Kuja uimbe tena hapa kwangu, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Na safari hii, anza chini.

Wanza